Darasa la Mbali Katika Kibanja Changu

Asubuhi ile ya Jumatatu mke wangu Kokwijuka alinikemea juu ya chaja. Nilikuwa nimeichomoa kwenye betri ya sola ili niwashe redio, nisikilize matangazo ya vifo. Simu yake ikabaki na chaji kidogo.

“Baba Annastella,” alisema, “watu wanakufa kila siku. Mkutano wangu ni wa leo tu.”

Nikazima redio. Tukala katogo ya ndizi na maharage iliyobaki jana, imepashwa moto. Alisema maharage hayakuiva. Nikasema yameiva. Mpishi nilikuwa mimi. Akachukua mkoba wa kompyuta, akajifunga mtandio, akaenda barabarani kusubiri gari la Bukoba. Siku zote nilikuwa namsindikiza hadi kwenye mti wa mwisho wa kahawa. Siku hiyo sikumsindikiza, mbuzi alikuwa amekata kamba. Kama kuna aliyejua kwamba ndiyo asubuhi yetu ya mwisho, hakunipa taarifa.

Mkutano ulikuwa wa kompyuta. Yeye alikuwa ofisini kwake, tawi la chuo la Bukoba. Wenzake walikuwa Dar es Salaam, na wengine kwingine. Walikuwa wanajadili jinsi ya kuwafanya wanafunzi walio mbali wajisikie wako karibu. Zamu yake ilipofika akaongea, kisha akanyamaza. Wakaona uso wake umesimama. Mmoja akamwambia, “Madam Magdalena, umeganda. Toka halafu uingie tena.” Wakasubiri kidogo. Halafu wakaendelea na ajenda iliyofuata, maana Bukoba kuganda ni kawaida.

Maimuna, mama anayefagia ofisi, ndiye aliyeingia akamkuta. Ilikuwa presha. Daktari alisema hakuumia. Sijui daktari alimuuliza nani.

Haya nilisimuliwa na Bwana Kahigi, mkuu wa tawi, ambaye naye alikuwemo kwenye mkutano. Nilimuuliza alikuwa wapi wakati huo. Akasema chumba cha jirani, kwenye kompyuta yake. Aliposema hivyo akalia. Nikamshika bega. Mtu huwezi kumlaumu kwa kutosikia ukutani wakati amevaa vile vidude vya masikioni.

Chuo kimetoa karatasi yenye picha yake. Imeandikwa kwa Kiingereza. Binti yetu Annastella, aliye nesi Mwanza, amenisomea. Inasema Magdalena Kokwijuka alikuwa mwanzilishi na mbunifu, mtu aliyeondoa umbali katika elimu ya juu ya mkoa wetu. Ni maneno mazuri. Ila mtu aliyeyaandika hakuwahi kufika hapa Kamachumu siku ya Jumamosi. Mimi shule sikwenda, herufi nilifundishwa kwenye mafunzo ya kipaimara. Kwa hiyo nasema yangu, na nasema machache.

Nilipokwenda kumposa, baba yake aliniuliza nimesoma hadi wapi.

“Hadi kipaimara,” nikasema.

“Na kibanja?”

“Kipo. Kina kahawa na ndizi.”

Mzee akamgeukia mkewe. Kokwijuka wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha nne, amejifunza kupiga taipu mjini, na tayari alikuwa karani wa chuo. Watu walitegemea nifukuzwe. Mzee akasema, “Haya. Anayesoma naye lazima ale.” Ndivyo nilivyooa. Tangu siku hiyo kazi yangu ikajulikana.

Alianza kwa taipu. Siku hizo masomo ya mbali yalikuwa bahasha. Zilitoka Dar kwa njia zao, zikaingia melini Mwanza, zikashushwa bandari ya Kemondo pamoja na saruji na magunia ya dagaa. Nyingine zilifika zimelowa. Kokwijuka alizileta nyumbani, tukazianika kwenye majamvi, huku kahawa, huku karatasi. Mimi nilikuwa nazigeuza zote mbili. Mwalimu mmoja wa Kimwani aliwahi kuandika kwamba amelipenda sana somo la uchumi, ila linanuka dagaa. Kokwijuka alimjibu kwa taipu, kwa heshima zote, kwamba harufu haipo kwenye mtihani.

Halafu zikaja kompyuta. Zilikaa kwenye maboksi muda mrefu, kwa sababu bwana mwenye ufunguo wa chumba alihamishwa akaondoka nao. Kila mwezi walimwandikia awarejeshee. Yeye kila mwezi aliahidi. Kokwijuka akamwita fundi, kufuli likavunjwa. Akapewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya chuo. Mwaka uliofuata akapewa barua ya pongezi kwa kuwa tawi lake lilikuwa la kwanza kutumia kompyuta. Alizitia zote mbili kwenye fremu moja, akaitundika sebuleni. Wageni wakisoma moja wanacheka, wakisoma ya pili wananyamaza.

Alisoma digrii akiwa na mvi. Nayo aliisoma kwa mbali, yaani kwenye kiti cha jikoni, mimi nikiwa namenya ndizi. Alipoipata, wakampa cheo kirefu: mratibu wa ubunifu na masomo kwa njia ya mtandao. Nikamuuliza ni kazi gani hiyo.

“Ni kuhakikisha watu hawalazimiki kusafiri ili wasome,” alisema.

“Na wewe?”

“Mimi itabidi nikae Bukoba. Nitakuja Ijumaa.”

“Ili wao wasisafiri.”

“Ndiyo. Ili wao wasisafiri.”

Kwa hiyo akapanga chumba mjini, akawa anakuja Ijumaa, anaondoka Jumatatu alfajiri. Watu wa kanisani waliniuliza kama tumeachana. Niliwaambia hapana, tunasoma kwa mbali.

Ugonjwa ule ulipokuja na vyuo vikafungwa, hapo ndipo wakubwa wa Dar walipokumbuka kwamba kuna mwanamke Bukoba ambaye kwa miaka amekuwa akisema watu wasome makwao. Shughuli za chuo ziliporudi wakaanzisha digrii ya watu walio kazini, wilaya yetu ya Muleba yote: walimu, manesi, maofisa wa kata. Kila mtu atasoma nyumbani kwake, kwa simu yake, Jumamosi. Profesa ataongea kutoka Dar. Hakuna darasa, hakuna chaki. Kokwijuka ndiye aliyepanga kila kitu. Alifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba.

Kitu kimoja hakikupangwa. Mtandao.

Kule mabondeni Kimwani mtandao ulikuwa kama paka. Ukiuita hauji, ukiuacha unakuja kukaa mlangoni, ukiunyanyulia mkono unakimbia. Lakini mnara wa simu ulikuwa umejengwa huku juu kwetu, kwenye rweya, ile nyasi tupu inayoanzia mwisho wa kibanja changu. Ukisimama uani kwangu mtandao unakujia kwa nguvu, hata kama huna la kuuambia.

Wa kwanza kuligundua hilo alikuwa Rwekaza. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu mzima, mwenye miwani miwili anayoipoteza kwa zamu. Jumamosi moja nikamkuta uani ameinua simu juu, kama mtu anayetafuta upepo.

“Ta Isaac, nimepita tu kusalimia,” alisema, kwa lile Ta letu la heshima.

“Karibu. Mbona hunisalimii?”

“Subiri kidogo, waitu, nakuomba. Profesa anaongea.”

Jumamosi iliyofuata akaja na mwenzake. Kisha akaja Consolata, ofisa maendeleo wa kata kule Kimwani, mtoto mgongoni. Kwa kuwa anakotoka ni mbali, alikuja Ijumaa, akalala kwetu. Kisha wakaja wengine. Mvua ya masika ilipoanza wote walikuwa sebuleni, kila mmoja na simu yake. Profesa akiongea, simu zote zilisema maneno yale yale, moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaosali Baba Yetu bila kiongozi. Wakaamua kuzizima, wakaacha moja, wakaiweka juu ya kigoda katikati. Wakakizunguka.

Profesa aliuliza swali. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akasikitika, akasema ameona somo ni gumu, atalirudia. Somo walikuwa wanalijua. Walikuwa wanamsubiri Rwekaza ajibu kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, naye alikuwa anatafuta miwani. Kokwijuka alilijua hilo. Alimpigia profesa simu akamwomba kila swali aanze na Mwalimu Rwekaza, halafu ataona. Profesa akafanya hivyo. Rwekaza akajibu, akakosea, na wenzake wote wakapata nafasi ya kumrekebisha kwa heshima. Tangu hapo darasa likachangamka hata mbuzi wangu wakawa wanashtuka.

Sasa, mtu hawezi kukaa kwa mtu tangu asubuhi bila kula. Huko kwingine sijui, kwetu haiwezekani. Kwa hiyo elimu ya mtandao ikaingia kwenye kibanja changu. Ijumaa nilikata mikungu, Jumamosi walimenya wote, huku wanabishana mambo ya takwimu. Chuo kilisema hii ni elimu isiyo na kuta. Ni kweli. Kuta zilikuwa zangu.

Siku moja nilimuuliza Kokwijuka.

“Hawa si walitakiwa kusoma makwao?”

“Wanasoma makwao.”

“Hapa ni kwangu.”

“Baba Annastella, usiwe mchoyo wa mtandao. Hata kuutumia hujui.”

“Najua kuulisha.”

Akacheka. Alikuwa na kicheko kifupi, kama mtu aliyekutana na kitu alichokitegemea.

Kumbe kila muhula Bukoba walikuwa wanapokea matokeo. Sehemu nyingine za mkoa wanafunzi wa mtandao walikuwa wanapotea. Huyu kachoka, yule simu imeanguka majini, mwingine haonekani na haulizwi. Wa Kamachumu hakupotea hata mmoja. Bwana Kahigi alishangaa. Alikwenda Dar akaonyesha michoro. Akawaambia kwamba watu wa Muleba wana moyo wa ajabu wa kusoma peke yao. Wakubwa wakashangaa pia. Wakasema watamtuma mkaguzi wao, Dokta Mushumbusi, aje aone kwa macho yake jinsi watu hawa wanavyovumilia upweke.

Hapo ndipo Kokwijuka alipomweleza Kahigi ukweli wote. Nilikuwepo, simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu alikuwa anasonga ugali.

Kahigi alimtaka arudie tena, polepole. Kisha akasema, “Madam, umeniua.”

Sababu ilikuwa hii. Chuo kina sheria. Mahali popote wanafunzi wanapokutana kusoma panaitwa kituo. Kituo lazima kisajiliwe, kiwe na jengo lake, mlinzi wake, vyoo vya wanaume na vya wanawake. Kituo kisichosajiliwa kinafungwa, na wanafunzi wake wanahamishiwa kwingine, wanaanza upya. Hawa walikuwa wamebakiza muhula mmoja. Rwekaza alikuwa amebakiza mwaka astaafu. Akianza upya, atastaafu kabla hajamaliza. Consolata alikuwa amembeba yule mtoto tangu hajui kukaa, sasa alikuwa anakimbia uani kwangu anafukuza kuku. Na wengine kila mmoja alikuwa na lake. Jibu moja baya la siku moja, na Jumamosi zao zote zinakwenda na maji.

“Sikiliza,” Kahigi akasema. “Siku hiyo asionekane mwanafunzi hata mmoja sebuleni kwako.”

“Sebuleni?”

“Sebuleni.”

“Nimekuelewa,” Kokwijuka akasema. Akaendelea kusonga ugali.

Alikuwa mtu wa kutii. Siku hiyo sebuleni hapakuwa na mwanafunzi. Walikuwa kwenye migomba. Kuwarudisha makwao haikuwezekana, maana Dokta alitaka awaone wakisoma, na makwao mtandao hakuna. Kwa hiyo asubuhi Kokwijuka aliwagawia kibanja kama mtu anavyogawa watu wa kuvuna kahawa. Wewe kaa hapa, wewe kule, wewe vuka mfereji. Kila mmoja na kigoda chake chini ya mgomba, simu mkononi, nyuma yake majani. Rwekaza kwa umri wake alipewa kiti chenye mgongo.

“Mwalimu,” Consolata akamtania, “umekaa kama mtu anayesubiri kutawazwa.”

“Binti yangu, mimi nasubiri digrii. Kutawazwa ni rahisi zaidi.”

Mimi niliambiwa nifunge mbuzi. Nikafunga.

Dokta alikuja na Kahigi kwa gari la chuo. Mtu mwembamba, mpole, amevaa shati la bluu, viatu vizuri kuliko njia yetu. Nilimsalimia kwa Kihaya. Akajibu maneno mawili ya Kihaya, mengine akamalizia kwa Kiswahili, akaniomba radhi, akasema amekulia Dar. Nikasema si neno, wengi wanakulia huko.

Kokwijuka akamkalisha mezani, mgongo wake ukiwa mlangoni, akafungua kompyuta. Ikagawanyika vidirisha vidogo, kila kimoja na uso, kila uso na migomba nyuma yake.

“Wote wako nyumbani?” Dokta akauliza.

“Kama unavyowaona, Dokta.”

“Migomba mizuri.”

“Ndiyo makazi yetu.”

Hakuona ajabu. Kwetu nyumba zote ziko ndani ya migomba. Kahigi alikuwa anajifuta jasho, na hakukuwa na joto.

Mambo yakaenda vizuri. Profesa wa Dar akauliza, Rwekaza akajibu, wenzake wakamrekebisha. Dokta akawa anaandika. Mara kwenye kidirisha cha Rwekaza akapita mbuzi mweupe mwenye sikio jeusi, kipande cha kamba shingoni. Akatoka upande mmoja. Punde akaingia kwenye kidirisha cha nesi mmoja, akatafuna kitu, akatoka. Akaingia cha tatu.

Dokta akaacha kuandika. “Mbuzi wa huku wanafanana sana.”

“Ni mbegu moja,” nikasema.

Kahigi akakohoa mpaka akapewa maji.

Labda tungefika salama. Lakini Dokta alikuwa mtu mwenye adabu. Kabla ya kumaliza akaomba awasalimie wanafunzi, ajitambulishe. Akawaambia kwamba ingawa amekulia mbali, asili yake ni huku huku. Marehemu babu yake alikuwa mtu wa Kimwani. Akalitaja jina la babu, akautaja na ukoo.

Nikamwona Consolata kwenye kidirisha chake ameinua kichwa.

Babu huyo ndiye aliyemzaa mama yake Consolata. Kwa hiyo Dokta, kwa hesabu yetu, alikuwa mtoto wa mjomba wake, na kwa kuwa mjomba mwenyewe amefariki, mtoto wake amesimama mahali pake. Ni mjomba. Na mjomba akiingia kwenye nyumba ambayo wewe uko hatua chache kutoka mlangoni, ukabaki umekaa kwenye migomba, ukamsalimia kwa simu, utakuwa umefanya jambo ambalo litasimuliwa kwenye misiba yenu mpaka wajukuu. Consolata alijua habari za kituo. Alijua pia kwamba ana muhula mmoja. Baadaye nilimuuliza alifikiria nini. Akasema, “Ta Isaac, miguu ilishaondoka.”

Simu hakuizima. Kwenye kidirisha chake majani yakaanza kutembea. Ukaonekana mti wa kahawa, ikaonekana kamba yangu ya kuanikia nguo, na shati langu juu yake. Likaonekana paa lenye bati moja jipya. Ukaonekana mlango. Ndani ya mlango ukaonekana mgongo wa mtu mwenye shati la bluu, amekaa mbele ya kompyuta.

Dokta akasogea karibu na kompyuta. Yule wa shati la bluu naye akasogea. Dokta akapeleka mkono kisogoni. Yule naye akapeleka.

Akageuka. Consolata alikuwa amepiga magoti nyuma yake.

“Wasibota, mjomba,” akamsalimia. Akamtajia mama yake ni nani.

Dokta hakujua mjomba anajibu nini. Alinitazama. Nikamwambia maneno, akayasema, akakosea kidogo, akasema tena. Akamshika mikono. Nadhani macho yake yalilowa, lakini sebule yetu ina moshi.

Kule kwenye migomba Rwekaza aliyaona yote kwenye simu. Akaona kwamba mgeni amefika, na mwanamke kijana ametangulia kumsalimia, na yeye mkubwa wa darasa amekaa chini ya mgomba kwenye kiti chenye mgongo. Hakuweza kuvumilia. Akaja, na kiti chake. Wenzake wakaona mkubwa ameondoka, nao wakafuata, maana nani atabaki. Wakajipanga mlangoni, kila mmoja na kigoda na simu iliyowashwa, wakawa wanaingia mmoja mmoja kutoa mkono. Simu zilipokaribiana zikaanza kupiga kelele zote kwa pamoja, kama nguruwe wanaochinjwa. Profesa wa Dar akawa anauliza kuna nini huko, kuna nini. Mbuzi naye akachungulia.

“Dokta,” Kahigi akasema, “nilikuwa naelekea kukueleza.”

“Bila shaka,” Dokta akasema.

Kokwijuka alisogea mezani. Alizima kompyuta, akaniambia nilete maji ya kunawa na chakula, kwa sauti ile ile ya kila Jumamosi. Nikaleta birika na beseni. Ndizi zikaja juu ya jani, zinatoa moshi.

Dokta alikaa, kalamu mkononi. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Alisema, “Mama, sheria unaijua kuliko mimi. Nimekuja kuandika nilichokiona. Niambie mwenyewe, hiki ni kituo au si kituo? Utakavyonijibu ndivyo nitakavyoandika.”

Consolata alikuwa bado chini, kwenye mkeka. Rwekaza alivua miwani. Aliniambia baadaye kwamba hakutaka kuona.

Kokwijuka akamjibu. Dokta akasikiliza, akacheka kidogo, akaweka kalamu mfukoni, akanyoosha mikono juu ya beseni. Alikula, akaongezewa. Alichokiandika baadaye sikukisoma. Darasa halikufungwa.

Walimaliza wote. Rwekaza alivaa joho Bukoba, akapigwa picha na wajukuu, akastaafu baada ya miezi michache. Digrii yake sasa anaitumia kwenye kamati ya maji ya kijiji, ambako haruhusu mtu aongee kabla yake. Consolata amepanda cheo. Kwenye sikukuu mjomba wake anampigia simu, na anajua kujibu salamu.

Mwaka uliofuata chuo kikatangaza uvumbuzi mpya. Kwamba wanafunzi wa mtandao wakutane katika nyumba ya mtu iliyo karibu na mnara, wasome pamoja, wale pamoja. Kikaupa jina refu la Kiingereza. Kahigi akapelekwa nje ya nchi kuueleza. Nilimuuliza Kokwijuka hilo jina maana yake nini.

“Maana yake ni Jumamosi,” alisema.

Hakukasirika kwamba hawakumtaja. Alisema wangemtaja wangemhamishia Dar.

Siku ya mazishi yake chuo kilileta skrini, ikawekwa juu ya meza, wakubwa wakatoa rambirambi kutoka huko waliko. Walisema vizuri. Katikati mmoja akaganda, na watu waliokuwa wamekaa kwenye majani wakainamisha vichwa. Wanafunzi wake hawakuwa kwenye skrini. Walikuja kwa miguu yao, wakalala hapa hadi matanga yakaisha, wakapika, wakafua. Rwekaza alizungumza wa kwanza.

Sasa minara imejengwa hadi Kimwani. Darasa jipya la Muleba ni kubwa kuliko lile, na kila mtu anasoma nyumbani kwake, kama ilivyoandikwa tangu mwanzo. Jambo alilolitafuta miaka yote limetimia. Jumamosi hapa kwangu ni kimya. Ndizi zinaiva zenyewe kwenye mkungu, nampa mbuzi.

Lile jibu alilompa Dokta linasimuliwa sana. Rwekaza analiongeza kila anapolisema, sasa limekuwa hotuba. Chuo hakikuliweka kwenye ile karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote, nimeshika birika. Alisema hivi, na hakusema zaidi:

“Dokta, kituo kina saa ya kufunga. Hawa wamekuja kunisalimia, kila mmoja na simu yake mfukoni, na mtu aliyekuja kunisalimia simuulizi ataondoka lini. Ukitaka kuandika, andika hivyo. Ila nawa kwanza, ndizi zinapoa.”